Kuipenda na Kuichoka Mumbai: Mwongozo wa Mwenye Begi Mgongoni

Wasafiri wengi wa begi mgongoni hufika Mumbai kwa sababu ndege zao hutua hapo, wala si kwa kuutamani mji wenyewe. Nia yao ni Goa, Rajasthan au Kerala, na Mumbai ni mlango wa kupitia tu. Hulala usiku mmoja au miwili, wakapigwa na joto, kelele na bei za vyumba, kisha hupanda treni na kuondoka wakiwa wameshautolea mji hukumu. Wengine hubaki, na hao ndio wenye kazi ngumu zaidi, maana asubuhi wanauchukia mji na jioni wanatafuta sababu ya kuongeza siku.

Kama utakuwa miongoni mwa hao wa pili, mwongozo huu ni wako. Sikuombi uupende mji. Ninakuomba utenganishe mambo mawili ambayo mgeni huyachanganya: uchovu wako na dosari za mji. Uchovu una dawa, nayo ni ratiba yenye nafasi, chumba cha kulala vizuri na chakula kwa wakati. Dosari za mji, hasa umaskini uliokaa ubavuni mwa utajiri mkubwa, hazitibiwi na ratiba. Hizo zitazame kwa macho makavu, na zikikukaa moyoni usizifukuze.

Kabla hujapanda ndege

Wenye pasi za Kenya na Tanzania huomba viza ya kitalii kwa mtandao. Tumia tovuti ya serikali ya India peke yake, kwa sababu zipo nyingine zinazofanana nayo kwa sura na hutoza fedha zaidi. Chapisha jibu la viza kwenye karatasi. Halafu angalia cheti chako cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. India huidai kwa wanaotoka nchi inazozihesabu kuwa na ugonjwa huo, na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukifika bila cheti halali unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Usichomwe sindano wiki ya safari.

Chagua miezi. Kuanzia Novemba hadi Februari hewa inavumilika na mvua hakuna. Machi hadi Mei joto na unyevu hupanda pamoja. Juni hadi Septemba ni masika ya India, na mvua ya Mumbai si ya kuikimbilia chini ya mwembe ukaisubiri ipite. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 katika saa 24, treni zikasimama na watu wengi wakafa. Ukienda miezi hiyo utaona bahari ikipiga kuta za Marine Drive, na wenyeji watakuambia huo ndio wakati mji unapendeza. Nenda ukijua kwamba kutakuwa na siku usizoweza kutoka, na beba dawa ya mbu, kwani malaria na dengi huja na maji hayo.

Jambo la kuandaa kwanza kuliko yote ni malazi. Vyumba vya bei nafuu Mumbai ni haba na ni vidogo, na sababu iko kwenye ramani. Mji huu ulikuwa visiwa saba. Wareno walivitoa kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1661 kama sehemu ya mahari ya Catherine wa Braganza, na mwaka 1668 mfalme akaikodishia kampuni ya East India kwa pauni 10 kwa mwaka. Baadaye bahari iliyokuwa katikati ya visiwa ilijazwa udongo, ukapatikana ulimi mwembamba wa ardhi wenye maji pande tatu. Ofisi, mahakama na benki za zamani zikajazana kwenye ncha ya kusini, na watu hawakuwa na pa kupanukia isipokuwa kaskazini. Kwa hiyo ukidai chumba Colaba au Fort, mitaa ya ncha hiyo, unagombania kipande kilekile cha ardhi kinachogombaniwa na kila mtu. Utaonyeshwa vyumba vilivyokatwa kwa mbao, bila dirisha, kwa bei ambayo miji mingine ya India ingekupa chumba chenye baraza.

Ushauri wangu ni kwamba usiku wa kwanza usibane matumizi. Ndege za kutoka kwetu, ambazo kwa Nairobi ni safari ya takriban saa sita, mara nyingi hufika wakati mwili umechoka, na saa ya India iko mbele ya yetu kwa saa mbili na nusu. Lipia chumba chenye dirisha, feni inayofanya kazi na mlango unaofungwa. Ukishalala, siku ya pili hamia kwenye bweni la vitanda vya ghorofa, Bandra, Andheri au Colaba. Na kabla hujalipa popote, piga simu uulize kama wanapokea wageni wa nje. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya wageni aandikishe kila mgeni mwenye pasi ya kigeni, na nyumba nyingi ndogo huona afadhali zikukatae kuliko kujaza fomu.

Treni, ambayo ndiyo mji

Asiyepanda treni za Mumbai hajafika Mumbai. Treni ya kwanza ya abiria katika India ilitoka hapa tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, kilomita 34. Leo treni za mjini hubeba mamilioni ya watu kila siku, na ule ulimi wa ardhi niliokueleza ndio unaoamua nani anaelekea wapi. Kazi ziko kusini na vitanda viko kaskazini. Asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, umma wote unashuka kusini. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, umma huohuo unarudi. Wewe huna kazi ya kuwahi, kwa hiyo pita kinyume chao: asubuhi panda kwenda kaskazini, jioni rudi kusini. Kwa kubadili mwelekeo tu, treni ileile iliyokuwa ikikubana mbavu itakupa kiti cha dirishani.

Njia kubwa ni tatu. Njia ya Magharibi huanzia Churchgate, na njia za Kati na ya Harbour huanzia stesheni kubwa ya Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ambayo kila mtu huiita CSMT, na wazee bado huiita VT. Kwenye kila njia kuna treni za kila kituo na treni za haraka. Mgeni apande ya kila kituo mpaka auzoee mji. Daraja la pili ni rahisi mno, unaweza kusafiri kwa rupia 5, na daraja la kwanza ni ghali zaidi lakini halina anasa. Unacholipia ni watu wachache. Mabehewa ya wanawake yametengwa na kuandikwa, na dada anayesafiri peke yake ayatumie bila kusita. Mwanamume asiingie humo.

Usining'inie mlangoni. Utaona vijana wakifanya hivyo na upepo utakuvutia. Kwa miaka mingi zaidi ya watu 2,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye reli za mji huu, wengine kwa kuanguka na wengine kwa kuvuka njia. Tangu Desemba 2017 zimeanza kuingizwa treni zenye kiyoyozi na milango inayojifunga. Nauli yake ni kubwa kuliko ya daraja la pili, na siku unayobeba begi kubwa ndiyo siku ya kuilipa. Vinginevyo begi liache kwenye chumba cha mizigo cha CSMT, likiwa na kufuli, kwa sababu lisilo na kufuli hawalipokei.

Ukiwa hapo CSMT, tenga saa nzima ya kulitazama jengo. Lilianza kujengwa mwaka 1878, mchoraji wake ni F. W. Stevens, na UNESCO ililiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2004. Nakushauri ulione mara mbili: mara ya kwanza kwa nje, upande wa barabara, uone kuba, tausi na nyani wa mawe, mara ya pili ukiwa ndani, saa ya watu wengi, ukiegemea nguzo. Wageni wengi hupiga picha ya nje tu. Nionavyo mimi, fahari ya jengo hili ni kwamba karani na mchuuzi wa samaki wanalitumia kila siku, na hakuna anayewatoza kiingilio.

Kwa safari za barabarani, bajaji zipo, ila zinaishia kwenye vitongoji vya kaskazini. Ukivuka Bandra kushuka kusini haziruhusiwi, huko ni teksi nyeusi na njano. Dai mita iwashwe, na dereva akikataa, shuka na usubiri nyingine. Reli ya chini ya ardhi, Line 3, sasa inaunganisha uwanja wa ndege na ncha ya kusini hadi Cuffe Parade, na imeondoa ule ugomvi wa teksi uliokuwa ukimharibia mgeni saa yake ya kwanza mjini. Ukitua usiku wa manane, wakati reli imelala, nenda kwenye dirisha la teksi za kulipia kabla, ndani ya uwanja, uchukue risiti, na usimkabidhi dereva mpaka ufike.

Tumbo na miguu

Hasira nyingi za msafiri ni njaa. Mumbai haina sababu ya kukuacha na njaa, maana chakula kizuri kiko barabarani. Vada pav ni kiazi kilichopondwa, kikachovywa kwenye uji wa unga wa dengu, kikakaangwa na kubanwa ndani ya mkate wenye chatne ya kitunguu saumu. Mtu wa Dar es Salaam atakitambua mara moja kuwa ni ndugu wa kachori. Kila kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka mbele yako, kula. Chai inayotokota, kunywa. Maji ya bomba, barafu na matunda yaliyokatwa mapema, acha. Siku nyingine ingia kwenye moja ya mikahawa ya Kiirani, ile iliyoanzishwa na Wazoroastria waliohama Iran. Kyani, karibu na Marine Lines, imekuwapo tangu mwaka 1904. Agiza mkate wa siagi na chai, ukae. Hakuna atakayekufukuza, na saa mbili za kiti, kivuli na feni ya dari zitakufaa kuliko makumbusho ya tatu kwa siku.

Kanuni ninayoiamini ni hii: jambo moja kubwa asubuhi, kupumzika mchana, kutembea jioni. Mapango ya Elephanta yanataka nusu siku nzima, kwa kuwa mashua za Gateway of India huchukua kama saa moja kufika, na Jumatatu mapango hufungwa. Ndani kuna Shiva mwenye nyuso tatu, karibu mita 6 kwenda juu, aliyechongwa kwenye mwamba wenyewe. Ukiamua kwenda huko, siku hiyo usipange kingine. Gateway yenyewe utaiona ukipita. Ilijengwa kukumbuka ujio wa mfalme wa Uingereza mwaka 1911, ikakamilika mwaka 1924, na mwezi Februari 1948 kikosi cha mwisho cha askari wa Uingereza kilipita chini ya tao hilo kwenda zao.

Jioni, fika Haji Ali, kaburi la walii lililo baharini mbele ya pwani ya Worli. Njia yake ya mawe hufunikwa na maji yakijaa, kwa hiyo ulizia saa za kupwa kabla hujaondoka. Wanaozuru ni Waislamu, Wahindu na wengineo, pamoja. Funika kichwa, vaa nguo ndefu. Wanawake waliwahi kuzuiwa kuingia ndani penye kaburi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Bombay, jina la zamani la Mumbai, iliamua kwamba zuio hilo ni kinyume cha katiba, na sasa wanaingia.

Utazamapo, na utazamwapo

Sasa tufike penye uzito. Utaona watu wamelala kando ya barabara chini ya ukuta wa jengo la fahari. Utaona Antilia, nyumba ya ghorofa 27 ya tajiri Mukesh Ambani, na siku hiyohiyo utapita Dharavi, ambako mamia ya maelfu ya watu wanaishi kwenye eneo la kilomita za mraba mbili na kitu. Moyo utakusuta kwa kula, kwa kulala kwenye shuka safi, kwa kuwa mtalii. Usitafute haraka ya kuupoza.

Ziara za Dharavi zipo, na swali la kama uende au usiende linamsumbua kila msafiri mwenye haya. Msomaji wa Nairobi analijua swali hili kutoka upande wa pili: watalii hutembezwa Kibera kwa miguu, kamera shingoni, na wenyeji wamesema mara nyingi namna wanavyojisikia. Chukua ujuzi huo uende nao. Mimi nasema nenda kwa masharti. Mwongozaji awe mkazi wa Dharavi. Kundi liwe dogo. Picha za watu zisipigwe kabisa, na kama kampuni inaziruhusu, tafuta nyingine. Uliza kabla ya kulipa ni kiasi gani cha fedha kinabaki hapo na kinafanya nini, na asiyeweza kujibu waziwazi usimpe chako.

Ukienda kwa namna hiyo utakachokiona ni kazi. Kumbharwada ni mtaa wa wafinyanzi wenye asili ya Gujarat, na tanuri zao ziko katikati ya nyumba. Kuna warsha za ngozi, kuna wanawake wanaoanika papadi kwenye vikapu, na kuna vibanda ambako plastiki za mji mzima huchambuliwa kwa rangi, husagwa na kuyeyushwa upya. Moshi wake ni mbaya, na wanaouvuta ndio walezi wa familia. Usirudi ukisema "ni maskini lakini wana furaha". Hiyo ni kauli ya kujifariji wewe. Uliza badala yake kuhusu mradi wa kujenga Dharavi upya, ambao zabuni yake kundi la Adani lilishinda mwaka 2022. Mpango unawapa nyumba ya bure hapohapo wale wanaoweza kuthibitisha kwamba walikuwa wakiishi chini, si ghorofani, kabla ya mwaka 2000. Wengine wengi watapelekwa kwingine. Mkazi atakueleza hofu yake bila kuombwa mara mbili, na kumsikiliza ni heshima kuliko kumhurumia.

Kuhusu ombaomba, amua msimamo kabla hujatoka chumbani, ili usiamue kwa hasira au kwa aibu. Mimi napendelea kununua chakula na kumkabidhi mtu mkononi, na kwa watoto sitoi fedha.

Kisha kuna kutazamwa. Kama wewe ni Mwafrika mweusi, Mumbai itakukodolea macho. Wengine wataomba kupiga picha nawe kwa uchangamfu wa kweli, na wengine watapiga bila kuomba. Utaambiwa vyumba vimejaa wakati ufunguo unaning'inia ukutani. Polisi wanaweza kukusimamisha kwa kudhani unauza dawa za kulevya. Si jambo la kupuuza: Januari 2016, mjini Bengaluru, kundi la watu lilimshambulia mwanafunzi Mtanzania kwa kosa la dereva ambaye hata hakumfahamu, na jambo hilo likafika kwa serikali zote mbili. Kwa hiyo tembea na nakala ya pasi na viza, na usikubali kukabidhi pasi yenyewe barabarani. Omba mwende kituoni. Picha una haki ya kuikataa kwa kutikisa kichwa na kuendelea na safari yako. Chumba kikikataliwa kwa namna hiyo, usibembeleze. Na usiku huo zungumza na mtu wa nyumbani kwa simu, maana dhuluma ndogondogo za siku nzima hukaa mwilini kama homa zisiposemwa.

Lakini pia nenda Bhendi Bazaar na Mohammed Ali Road, na hapo utaona undugu wa zamani ukifanya kazi. Mabohora wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wana makaburi ya viongozi wao hapa. Maismailia wana kaburi la Aga Khan wa kwanza, aliyefariki mwaka 1881, pale Mazagaon. Ukitaja Zanzibar kwa mzee mwenye duka la itri, huenda akakuuliza habari za mtaa anaoujua kwa jina. Mwezi wa Ramadhani barabara hizo hujaa mishikaki, nihari na maandazi ya shira kuzunguka Minara Masjid, na mgeni hakai peke yake.

Toka, halafu rudi

Ukishakaa siku kadhaa na mji ukakuelemea, usikimbilie Goa moja kwa moja. Nenda Murud, ukaione ngome ya Janjira. Kwa mtu wa pwani yetu sijui safari yenye maana zaidi karibu na Mumbai.

Ngome hiyo iko baharini, kuta zake zikitoka majini moja kwa moja. Waliotawala humo ni Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao walishika bahari hii kwa merikebu zao na kushikilia dola lao mpaka lilipounganishwa na India mwaka 1948. Wamaratha chini ya Shivaji, kisha mwanawe Sambhaji, walijaribu kuiteka wakashindwa. Mwaka 1689 Wasidi walitua Bombay yenyewe, wakawazingira Waingereza ndani ya ngome yao hadi mwaka uliofuata. Waafrika wengine walifika mwambao huu kwa njia ya uchungu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa India, alirudi Zanzibar akiwa huru na ndiye aliyewaongoza wapelelezi Burton, Speke na baadaye Stanley barani Afrika. Jina lake alilibeba kutoka mji huu. Na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa baharini na kulelewa huku na Nashik, baadhi yao ndio waliorudishwa miaka ya 1870 kujenga Frere Town, Mombasa. Beba habari hizi siku utakayokodolewa macho.

Safari ni hivi. Kutoka Gateway of India panda boti ya Mandwa, kama saa moja. Tiketi za baadhi ya kampuni zina basi la kukufikisha Alibag ndani yake. Kutoka Alibag kuna mabasi ya Murud, na kutoka Murud bajaji hadi kijiji cha Rajapuri, ambako jahazi dogo la tanga litakuvusha hadi lango la ngome. Wakati wa mvua kubwa boti za Mandwa husimama na ngome hufungwa. Lala Murud usiku mmoja, pana ufuko mrefu na samaki wa kukaanga. Usirudi Mumbai siku ya Jumapili jioni, kwa sababu nusu ya mji huwa imekuja Alibag kupumzika na foleni ya boti ni ndefu. Rudi Jumatatu kabla ya adhuhuri, shuka Gateway, na safari hii upange kukaa.